Je, wajua kwa nini Brazil haina msimu mmoja wa utalii?

Mteja akiingia ofisini kwa wakala wa safari na kuuliza, "Brazil niende lini?", jibu la haraka huwa ni Februari, kwa sababu ya kanivali ya Rio. Kwa anayetaka ngoma, sawa. Mwingine anaweza kufika bonde la Pantanal akakuta barabara ni tope, au akafika kwenye matuta ya mchanga ya Lençóis Maranhenses kabla mabwawa yake hayajajaa.

Nchi hii ina kilomita za mraba milioni 8.5, kama Tanzania tisa zikiwekwa pamoja. Inaanzia kaskazini ya ikweta na kushuka hadi kuivuka tropiki ya Kaprikoni, inayopita São Paulo. Hata hivyo, kinachopanga kalenda yake ya utalii zaidi ya ukubwa ni maji: yananyesha wapi, na yanakawia kiasi gani kumfikia mtalii.

Tuchukue mwezi wa Julai. Mvua kubwa za Amazon hunyesha kati ya Desemba na Mei, ila mto ule hauna haraka. Maji yanayotoka mbali, mengine kwenye miteremko ya Andes, hukaa wiki kadhaa njiani. Ndiyo maana Rio Negro, tawimto la Amazon, hufikia kilele mjini Manaus mnamo Juni, wakati mvua zimeshaanza kupungua. Kutoka kilele hicho hadi Oktoba au Novemba, maji hushuka kwa takriban mita 10. Mgeni wa Julai hupita kwa mtumbwi katikati ya matawi ya miti, ndani ya msitu uliozama ambao wenyeji huuita igapó. Wa Oktoba hupita palepale kwa miguu, na kando ya mto anakuta fukwe za mchanga mweupe. Msitu ni uleule, safari ni mbili, na mteja anastahili kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Julai hiyohiyo, Pantanal inakauka. Bonde hili tambarare, linaloingia hadi Bolivia na Paraguay, hupata mvua zake kati ya Novemba na Machi. Maji yakipungua, wanyama huyafuata yalikobaki, na jagwa, paka mkubwa anayefanana na chui, huanza kuonekana kingoni mwa mito karibu na Porto Jofre, mwisho wa Transpantaneira, barabara ya vumbi yenye madaraja zaidi ya 100. Aliyewahi kupeleka watalii Ruaha wakati wa kiangazi hahitaji maelezo zaidi.

Lençóis Maranhenses ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Kwenye picha ni jangwa tupu, matuta meupe hadi upeo wa macho, lakini hakuna jangwa linalopata mvua kiasi kile. Mvua za nusu ya kwanza ya mwaka hutuama kati ya matuta, kwa kuwa chini ya mchanga kuna tabaka lisilopitisha maji kirahisi. Kuanzia Juni unaogelea kwenye mabwawa ya buluu. Ikifika Novemba mengi yamekauka. Usimuuzie mtu Lençóis ya Desemba kwa picha za Julai.

Kusini nako, Julai ni baridi. Katika mji wa Gramado huweza kuanguka sakitu, na Wabrazili wenyewe hupanda kule kuvaa makoti na kununua chokoleti. Shule zao huwa likizo mwezi huo, kwa hiyo vyumba hupanda bei. Maporomoko ya Iguaçu hayana shida: yapo mwaka mzima.

Kishawishi ni kuviunganisha vyote katika wiki moja. Lakini São Paulo hadi Manaus ni kama saa 4 angani, na Manaus haina barabara ya kutegemewa kwenda kusini mwa nchi. Ni ndege au boti, na boti ya kushuka mto hadi Belém ni safari ya siku kadhaa. Sehemu mbili kwa siku 10 zinatosha.

Na kwa anayepigia simu hoteli za huko kutoka Dar es Salaam au Nairobi, kuna raha moja ndogo. Brasília iko nyuma yetu kwa saa 6, kiasi kilekile kinachotofautisha saa ya Kiswahili na ya Kizungu. Kwetu ikiwa saa nane mchana, saa yao ya ukutani inasoma 8 asubuhi. Kwa Manaus, punguza moja.