Mercury's haukuwa mgahawa wa Freddie Mercury

Mgeni akishakaa kwenye baraza la mbao la Mercury's, pale Mizingani, Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na bandari, haichukui muda ataambiwa: hapa palikuwa pake Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Hata vijana wetu wanaotembeza watalii huyarudia hayo. Si kweli, na inaniuma, maana kisa chenyewe hasa ni kitamu zaidi.

Mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 aliitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Mhindi wa jamii ya Waparsi kutoka Gujarat, alikuwa mshika fedha mahakamani. Farrokh mwenyewe alipelekwa mdogo skuli ya bweni Panchgani, India, kwa hiyo hata utoto wake mwingi haukupita hapa. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, na ni huko, mnamo 1970, alikojiita Mercury. Alipokuwa akipita vichochoro vya Mji Mkongwe, basi, hakuna aliyemjua kwa jina hilo.

Alifariki London mwaka 1991. Mgahawa ulikuja baadaye, utalii uliposhika kasi, ukachukua jina tu. Mwaka 2006 ulipoandaa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ilipinga vikali.

Anayetafuta habari zake aende makumbusho ya Shangani, yaliyofunguliwa 2019. Mercury's nenda jioni, ukatazame majahazi yakitweka tanga.