Vile viduara vyeupe kwa picha za usiku si majini

Ile meseji imerudi tena kwa magrupu, eti ukipiga picha usiku vichochoroni Lamu ukaona viduara vyeupe hao ni majini, itisha wawinda mashetani waokoe mji. Wawinda mashetani wa kwenye vichekesho mimi nawapenda, lakini viduara ni vumbi na matone ya unyevu yaliyo karibu mno na lenzi, flashi ikiwaka yanarudisha mwanga na kwa vile hayako kwenye fokasi yanatokea duara. Jicho halikuyaona pale, ndio watu wanashtuka. Zima flashi upige tena, utaona havipo, kisha iwashe ukung'ute mkeka mbele ya simu, utapata majini tele. Tusiiforwadi jamani, bibi zetu wanaogopa hata kutoka barazani.