Ukiipumzisha sipro, usugu hauondoki

Mama mmoja muuza dawa wa Kirumba, hapa Mwanza, aliniuliza swali ambalo nadhani wengi wanalo kuhusu sipro (siprofloksasini), antibiotiki ya maambukizi kama ya mkojo ambayo bakteria wameanza kuizoea: "Daktari, hii sipro tukiipumzisha miaka miwili mitatu, si itarudi kufanya kazi?" (Mimi ni mtu wa maabara, lakini dukani kwake kila mwenye koti jeupe ni daktari.)

Swali si la kipuuzi hata kidogo. Anayekumbuka klorokwini anajua kwamba Tanzania iliiweka kando mwaka 2001 kwa sababu malaria ilikuwa imeizoea. Malawi walishaiacha tangu 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walipoijaribu tena kwa watoto wa Blantyre, iliwatibu karibu wote. Kwa malaria, basi, mama yule ana hoja.

Bakteria wa mkojo wana mambo yao. Uingereza walifanya jaribio hilo bila kukusudia: katika miaka ya 1990 uandikaji wa septrin, antibiotiki yenye sulfa ndani yake, ulishuka kwa asilimia 97 hivi. Kwenye hospitali moja ya London, E. koli (bakteria wa utumbo anayeongoza kuleta maambukizi ya mkojo) sugu kwa sulfa walikuwa asilimia 39.7 mwaka 1991. Mwaka 1999 wakakutwa asilimia 46. Dawa imeondoka, usugu umebaki, tena umepanda kidogo.

Kimelea cha malaria hubeba usugu wa klorokwini ndani ya jeni yake mwenyewe, na mabadiliko hayo humpunguzia nguvu. Dawa ikitoweka, wenzake wasio na mabadiliko humshinda. Bakteria wengi hubeba usugu pembeni, kwenye plasmidi, yaani kijiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu (DNA kuu ya seli), ambacho hunakiliwa na hata kugawiwa bakteria jirani. Kukibeba nako kuna gharama, kwa hiyo ungetegemea kwamba dawa ikikoma, anayekiangusha atawapita wenzake. Zipo sababu kadhaa za hilo kutotokea kirahisi, na inayonivutia mimi kuliko zote ni jeni za sumu na kizuiasumu.

Jeni hizi hukaa jozi. Moja hutengeneza sumu inayomdhuru bakteria mwenyewe, ya pili hutengeneza kizuiasumu kinachoishika sumu hiyo isifanye kitu. Ujanja wote uko kwenye muda. Sumu ni ngumu, inadumu. Kizuiasumu ni dhaifu, vimeng'enya vya seli vinakikatakata saa zote, hivyo lazima kitengenezwe upya bila kukoma. Sasa seli inagawanyika, na mmoja wa watoto anatoka bila plasmidi. Amerithi kutoka kwa mama yake sumu na kizuiasumu kidogo, ila jeni za kutengeneza kingine hana. Kizuiasumu kinakwisha, sumu inabaki huru, mtoto anakufa au anakwama asikue. Ni kama mganga anayekunywesha sumu kisha akakuuzia kinga ya siku moja moja: ukimfukuza, umejiua. Wanaobaki na kuongezeka ni wale walioishika plasmidi, dawa iwepo isiwepo.

Jozi ya kwanza kuelezwa hivyo ni ccd, kwenye plasmidi iitwayo F ya E. koli, kazi ya Ogura na Hiraga wa Japani mwaka 1983. Sumu yake, CcdB, hukamata jairezi, kimeng'enya kinacholegeza DNA inapojisokota, na DNA inaachwa ikiwa imekatika. Sipro nayo hufanya kazi kwa kukamata jairezi hiyohiyo! Hazishiki mahali pamoja, kwa hiyo kuwa na ccd hakumfundishi bakteria kuikwepa sipro, lakini kila nikifikiria kwamba kidudu kinatembea na silaha ya aina hiyo tumboni mwake, huwa natikisa kichwa. Jozi nyingine, hok na sok, ilipatikana kwenye plasmidi ya usugu iitwayo R1. Hapo kizuiasumu si protini bali ni kipande cha RNA, ndugu wa DNA, na sumu yenyewe huharibu utando wa seli.

Turudi maabara yetu ya Mwanza. Mkojo umeoteshwa kwenye MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, asubuhi unakuta koloni za waridi, kavu, zimetapakaa sahani nzima. Unazihamishia kwenye Mueller-Hinton, chakula cha kupimia dawa, unaweka diski za dawa, unasubiri hadi kesho. Diski ya seftriaksoni: wameota hadi ukingoni, hakuna duara tupu, yaani dawa imeshindwa. Septrin: hivyohivyo. Jentamisini: hivyohivyo. Tafiti zilizochapishwa kutoka hospitali ya Bugando zimekwisha kuonyesha CTX-M-15, jeni ya kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, kwa E. koli wa hapa. Duniani kote jeni hiyo hupenda kupanda plasmidi za ukoo wa F, na nyingi kati ya hizo zina jozi kadhaa za sumu na kizuiasumu pamoja na usugu wa dawa nyingine ndani ya duara moja. Ndiyo maana mama yule aliposema, "Basi tubadilishe tu, tutoe jentamisini," nilimjibu: "Mama, ukitumia dawa yoyote kati ya hizo, unaulinda usugu wa zote."

Kipindupindu, ambacho watu wa visiwani na mialoni hawahitaji kuelezwa, kina namna yake. Bakteria wake, Vibrio kolerae, ana kromosomu mbili, na kwenye ile ndogo kuna eneo refu lenye jeni za kuokoteza huku na kule. Jozi zaidi ya kumi za sumu na kizuiasumu zimetawanyika humo. Inaelekea kazi yao ni kuzuia eneo hilo lisimeguke.

Kwa TB ndipo hadithi huwa tamu kupita ushahidi. Bakteria wa TB ana jozi zaidi ya 80, wakati ndugu yake wa ukoma amebaki na magofu tu. Sumu zake nyingi hukata RNA, ukuaji unasimama, na dawa nyingi zinahitaji bakteria anayekua ili zimuue. Utasikia basi kwamba jozi hizi ndizo zinazowalaza na kutulazimisha kumeza vidonge miezi sita. Huenda zinachangia, lakini kuwa mwangalifu. Mwaka 2011 maabara ya Kenn Gerdes, bingwa wa fani hii, ilitangaza kwamba ukifuta jozi kumi za E. koli, seli zinazosinzia na kunusurika dawa hupungua sana. Baadaye ikaonekana bakteria wao walikuwa wameingiliwa na kirusi cha bakteria kilichopotosha matokeo, na makala yakaondolewa mwaka 2018. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwa Salmonela waliomo ndani ya seli za kinga, na hata huko haujafunga mjadala.

Wapo wanaotafuta dawa ya kuiachia sumu huru ili bakteria ajimalize. Sijaona iliyofika kwa mgonjwa. Ugumu mmojawapo ni kwamba baadhi ya sumu haziui, zinalaza tu, na bakteria aliyelala ndiye ambaye dawa zetu nyingine haziwezi kumfikia.