Ajizi si uvivu: maana ya kuahirisha tunachokusudia

Mwenyekiti akiuhamisha mkutano wa Jumatatu uwe Alhamisi kwa sababu mvua imekata barabara, ameahirisha. Na yule mwenye fomu ya kodi tangu Januari, anayejua itamchukua saa moja tu, anayeikumbuka kila jioni kisha akainuka kupanga kabati, naye twasema ameahirisha. Neno ni lilelile lakini mambo ni mawili. Mwenyekiti ameamua. Huyu wa pili hajaamua lolote. Anasogeza mbele jambo alilokusudia mwenyewe, huku akijua fika kwamba kuchelewa kutamgharimu. Huko ndiko kuahirisha ninakotaka kukueleza.

Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi maana hiyo: ajizi. "Ajizi ni nyumba ya njaa," wengi tuliifundishwa utotoni, na tukaelewa kwamba ajizi ni jina jingine la uvivu. Lakini neno hili limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kushindwa, kukosa uwezo. Iko dua mashuhuri ya Waislamu ambamo mtu humwomba Mungu amkinge na ajizi na uvivu, na humo viwili hivyo vimetajwa mbalimbali, kila kimoja kwa jina lake. Mimi naona mgawanyo huo una hekima kubwa. Mvivu haitaki kazi, na akilala hulala vizuri. Mwenye ajizi anataka kazi ifanyike, ila akiisogelea mikono inamlegea, na usiku inamnyima usingizi.

Mikono inalegezwa na nini? Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walieleza kuahirisha kuwa ni njia ya kutuliza moyo kwa muda mfupi. Kinachokimbiwa ni hisia inayokuja na kazi: woga wa kukosea, kuchoshwa, aibu, kutojua pa kuanzia. Ukiiweka kazi kando, unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe, kwa kuwa kesho moyo utaidai tena. Ndiyo maana anayeahirisha mara nyingi haonekani kama mtu aliyekaa bure. Anafua, anafagia uwanja, anajibu meseji za watu wote isipokuwa yule mmoja.

Kwa sababu hiyo, methali za kuonya peke yake hazimtoshi. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako" humkumbusha hasara ambayo tayari anaijua, tena humwongezea woga, na woga ndio uliomkimbiza tangu mwanzo.

Kazi nyingine angalau zina mwisho. Nchini Kenya, ritani za kodi za mtu binafsi hufungwa 30 Juni, na atakayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Inauma, lakini inajulikana. Zilizo ngumu zaidi ni zile zisizo na tarehe, kwa sababu uzito wake huongezeka kimyakimya.

Rafiki yangu alifiwa na mama yake nikiwa safarini. Siku ya kwanza sikupiga simu kwa kuwa sikujua niseme nini, nikajiambia nitapiga kesho nikiwa nimetulia. Siku ya tatu nilikuwa na mambo mawili ya kusema: pole ya msiba, na samahani ya kuchelewa. Baada ya wiki mbili samahani ilikuwa imeifunika pole yenyewe. Kila nilipoliona jina lake kwenye simu, tumbo lilinikaza, nikafungua kitu kingine. Nilimpenda, na nilimpenda mama yake, aliyenilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kama shida ingekuwa uvivu, dakika tano zile nisingezikosa wiki saba.

Kilichonisaidia ni kuacha kujitukana kwanza. Si kujidekeza: Michael Wohl na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada, wakaona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya uliofuata. Ukishajiita mzembe, kazi ile inakukumbusha uzembe wako kila unapoitazama, na utazidi kuikwepa.

Pili, kuifunga kazi kwenye saa na mahali. Peter Gollwitzer, mwaka 1999, aliandika jinsi mpango wa "likitokea hili, nitafanya lile" unavyosaidia kuliko nia tupu. "Nitampigia wiki hii" ni nia tupu. "Nikishamaliza chai ya saa kumi, kabla sijainuka, nitabonyeza jina lake" ni mpango. Na ile hatua ya kwanza iwe ndogo mpaka isiogopeshe: kama ni fomu, ifungue na ujaze jina, kama ni deni, andika kiasi chake kwenye karatasi. Shamba halilimwi kwa kulitazama lote.

Ila kama kila kitu kimekuwa kizito, hata kuoga na kula, na hali imekaa wiki kadhaa, hiyo huenda si ajizi tena. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, na mahali pake ni kwa mhudumu wa afya.

Mimi niliandika sentensi moja nyuma ya risiti: "Nimechelewa, na mama yako namkumbuka kila siku." Saa kumi na robo nikapiga. Niliisoma kama ilivyo, sauti ikitetemeka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama bado nakumbuka maandazi ya mama. Tukazungumza hadi magharibi.