Sabuni ya "Asili" Nayo Huweza Kuwasha Ngozi
Wengi wetu hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, tumeamini kwa miaka mingi kwamba sabuni ya kufulia iliyoandikwa "asili", hasa ile inayonukia mchaichai, haiwezi kumdhuru mwenye mzio. Imani hiyo inaeleweka, kwani mchaichai huo huo tunautia katika chai kila siku. Lakini mafuta yake yana kwa wingi sitrali, kemikali inayoyapa harufu yake, nayo hufahamika kuwa huweza kuamsha mzio wa ngozi. Msomaji na ageuze pakiti: neno "parfum" humaanisha manukato yameongezwa. Kisha afue kanga moja tu, aisuuze mara mbili, aivae, na kuiangalia ngozi kwa siku 2 au 3, kwa kuwa vipele vya mzio mara nyingi huchelewa.