Trafiki akiita upande mmoja dakika tano: hesabu ninayowapa wanafunzi

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya taa za makutano, darasa hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba foleni ya Dar es Salaam huondolewa na trafiki aliyesimama katikati ya njia panda, taa ni pambo. Wana hoja: akiita upande mmoja dakika tano mfululizo, magari yanapita kwelikweli. Siwabishii, nawapa hesabu.

Chukua makutano ya pande nne, kila upande unapita peke yake. Kila zamu inapobadilika tunapoteza kama sekunde nne: wa mwisho anamalizia kuvuka, dereva wa mbele ndiyo kwanza anaingiza gia. Kwa mzunguko mzima, yaani zamu zote nne, ni sekunde 16. Leni isiyokatizwa hupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Tuseme yanayokuja katika kila leni ni 360 kwa saa, yaani moja kila sekunde 10. Kanuni ya kutafuta mzunguko unaopunguza muda wa kusubiri, aliyoichapisha mtafiti Webster nchini Uingereza mwaka 1958, ambayo hadi leo tunaifundisha, inatoa mzunguko wa sekunde 145. Hapo kila leni inaweza kupitisha magari 400 kwa saa.

Sasa trafiki aurefushe mzunguko hadi dakika 10, yaani kila upande upate kama nusu tu ya zile dakika tano. Kinachopotea ni zile zile sekunde 16, kwa hiyo uwezo unapanda hadi kama 438. Kumbe faida ipo! Ila ni asilimia 9 tu, na gharama yake iko upande wa nyekundu. Kwa mzunguko wa Webster nyekundu haifiki dakika mbili, na magari 11 yanapangana. Kwa mzunguko wa dakika 10 nyekundu ni dakika saba na nusu: magari 45, mkia wa karibu mita 300 katika kila leni. Makutano ya nyuma yakiwa karibu, mkia huo unayaziba, na faida yote imeliwa huko. Tena leni ya kukata kulia ikiwa fupi inakauka mapema, kisha kijani kinapitisha lami tupu.

Lakini tusimwonee. Trafiki ana macho. Akiona mbele kumeziba anaweza kuzuia magari yasiingie yakakwama katikati, wakati taa iliyopangiwa muda inawasha kijani tu, hata kama hakuna pa kwenda. Taa zenye vihisio vinavyotambua magari zingemsaidia zaidi kuliko kumfukuza. Pale Ubungo hatimaye lilijengwa daraja la juu, likafunguliwa 2021, lakini huwezi kujenga daraja kila njia panda.

Kinachonishughulisha zaidi katika utafiti ni bodaboda. Kanuni zetu zinapima uzito wa kila chombo kwa kukilinganisha na gari dogo, na pikipiki hupewa namba ileile kila wakati. Bodaboda haikai kwenye foleni; inapenya mpaka mbele ya mstari. Kijani kikiwaka, kundi zima linachomoka, gari la kwanza likisubiri lipishwe. Ikija baadaye inapita katikati ya leni na pengine haimcheleweshi mtu. Kwa hiyo uzito wake unategemea imevuka sekunde ya ngapi. Bajaji ni shida nyingine: nayo inajipenyeza, ila inaondoka polepole na inakula nafasi.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wanapiga video na kuhesabu vyombo kwa vipande vya sekunde tano, kazi wanayoichukia. Anayeniletea tasnifu yenye namba za India au Uingereza bila kupima hapa, namrudisha barabarani.