Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hayakuzuka kwa hasira

Kila Aprili hapa Dar narudiwa na maneno yale yale: ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliondoka kwetu, ikatunguliwa Kigali, Wahutu wakapandwa na hasira, wakashika mapanga kuwaua Watutsi. Nimechoka kuyasikia, maana yanawafuta waliotoa amri.

Habari ya ndege ni kweli. Ilitunguliwa usiku wa 6 Aprili 1994 ikitokea kwenye mkutano wa Dar es Salaam, na Rais Ntaryamira wa Burundi akafa pia. Lakini tazameni nani aliuawa kesho yake: Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu, aliyestahili kikatiba kushika uongozi, na Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba. Askari waliwafuata hao makusudi.

Wanamgambo nao walikuwa na wenyewe. Interahamwe walikuwa tawi la vijana la chama tawala, MRND. Impuzamugambi walikuwa wa CDR, chama cha Wahutu wenye msimamo mkali. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Dallaire, kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alishaiarifu makao makuu yake New York kwamba, kwa maelezo ya mtoa habari wake, vijana 1,700 walikuwa wamepewa mafunzo katika kambi za jeshi.

Na panga peke yake halielezi vifo hivyo. Watu walipojikusanya kwa maelfu makanisani au viwanjani, kama Gatwaro mjini Kibuye, walizingirwa, wakarushiwa mabomu ya mkono na kupigwa risasi. Mapanga na marungu yalifuata kwa waliobaki hai. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na kitambulisho kilichoandikwa kabila, utaratibu wa Wabelgiji tangu miaka ya 1930, kilitosha kumhukumu mtu. Vijijini viongozi wa mitaa, hadi nyumbakumi, walijua nani analala wapi.

Anayeshikilia kwamba ni hasira anieleze mkoa wa Butare, kusini mwa nchi. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi, alizuia mauaji, na sehemu kubwa ya mkoa ikatulia karibu wiki mbili huku kwingine watu wakiisha. Habari za ndege zilikuwa zimewafikia wakazi wa huko kama wengine wote. Tarehe 17 Aprili aliondolewa madarakani. Tarehe 19 Rais wa serikali ya mpito, Sindikubwabo, akaja kumwapisha mrithi wake na kuwakemea waliokaa pembeni. Wanajeshi wakaongezwa kutoka Kigali, na mauaji yakaanza kwa kasi ya kutisha. Kilichobadilika ndani ya siku hizo ni uongozi.

Kosa la pili ni kumwita kila muuaji Interahamwe. Wengi walikuwa wakulima wasio na kadi ya chama wala mafunzo, walioingizwa na viongozi wao, majirani, woga au tamaa ya mali. Kusema "wanamgambo walifanya" kunawaficha hao, na kunawaficha wanajeshi pia.

Ila tusivuke ushahidi. Kwamba yote yalipangwa kwa kina kabla ya Aprili, hilo linabishaniwa hadi leo. Mwaka 2008 mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia Kanali Bagosora, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi katika Wizara ya Ulinzi, hatiani kwa mauaji ya kimbari, lakini ikasema njama ya kabla ya 7 Aprili haikuthibitishwa pasipo shaka. Mwaka 2011 rufaa ikampunguzia kifungo cha maisha kuwa miaka 35, na hatia iliyobaki ilisimama juu ya jambo moja: alikuwa na mamlaka juu ya wauaji, na hakuwazuia.